Kikapu na Ufunguo

Masomo: 1 Timotheo 5:3-16, Matendo ya Mitume 6:1-6



Katika nchi yetu ya chai, kutoka Kericho hadi Bomet, mchuma chai wa shamba kubwa anapostaafu hurudisha vitu viwili: kikapu na ufunguo. Kikapu hakimsumbui. Mgongo wake umekibeba miaka mingi, nao umechoka nacho. Taabu iko katika ufunguo. Nyumba aliyokaa ni ya kazi, na kazi ikiisha nyumba hupewa mwingine. Humo ndimo alimolea watoto wake, na mbele ya mlango wake ndipo alipopanda sukuma wiki. Sasa yampasa kufunga mizigo.

Mwenye shamba lake kule Sotik au Konoin hurudi nyumbani na kumshukuru Mungu. Lakini wako wengine. Yuko aliyekuja akiwa kijana kutoka mbali, akakaa mpaka huko alikotoka hakuna tena amjuaye. Yuko mama mjane asiye na mtoto wala kipande cha ardhi. Yuko mzee ambaye watoto wake wote wametangulia kaburini. Tena siku hizi mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani, kazi zimepungua, na ufunguo waweza kudaiwa hata kabla mtu hajaufikia uzee.

Basi swali letu leo ni hili: Mtu wa namna hiyo atalala wapi? Na kanisa analosali lina nini la kumwambia, zaidi ya kumwombea?

Wengi wetu tumepita mjini Kericho tukaliona kanisa la mawe la Holy Trinity. Wazungu wa mashamba ya chai walilijenga kwa mfano wa makanisa ya vijijini kwao Uingereza. Lakini kule kwao, katika miji na vijiji vingi, karibu na kanisa huonekana pia jengo la namna nyingine: safu ya nyumba ndogo ndogo zilizoshikana, zimezunguka ua, na kila moja ina mlango wake. Hizo ni nyumba za wazee maskini. Zilijengwa kwa sadaka, na wakaao humo hawatozwi kodi kama wapangaji wa kawaida. Mfano wa kanisa ulifika Kericho. Mfano wa nyumba ile hatuuoni.

Tumechagua kuwaelezeni moja ya nyumba hizo, kwa sababu imesimama karibu miaka 900, na kwa sababu historia yake ina mambo mema ya kuigwa na mambo mabaya ya kuogopwa. Iko karibu na mji wa Winchester, kusini mwa Uingereza. Huitwa St Cross, yaani Msalaba Mtakatifu. Jina lake kamili lina neno hospitali, lakini tusidhani ni mahali pa madaktari na sindano. Zamani neno hilo lilikuwa na maana ya mahali pa kumkaribisha mgeni na mhitaji.

Nyumba hiyo ilianzishwa kati ya mwaka 1132 na 1136. Aliyeianzisha ni Askofu Henry wa Blois, mjukuu wa Mfalme William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Henry alikuwa tajiri na mwenye nguvu, na ndugu yake Stephen akawa mfalme. Yako mapokeo yasemayo kwamba siku moja, alipokuwa akitembea kando ya mto, msichana aliyebeba mtoto mchanga alimsimamisha akamsihi awasaidie watu waliokuwa wakifa njaa. Hayo ni mapokeo. Lakini jambo alilolifanya lajulikana: aliagiza wanaume 13 maskini, dhaifu hata wasiweze kusimama vema, wapewe malazi, mavazi na chakula, tena maskini wengine 100 walishwe kila siku mlangoni.

Twaombeni mtembee nasi ndani ya nyumba hiyo, kwa maana kila sehemu yake ilijengwa kwa kusudi.

Kwanza ni lango. Juu yake umejengwa mnara, na chini yake hukaa bawabu. Mtu ye yote apitaye njia akiomba, bawabu humpa kipande cha mkate na kinywaji kidogo. Desturi hii ilianza zamani sana na bado ipo. Kinywaji chenyewe ni bia kidogo katika kikombe cha pembe, kwa kuwa ndicho kilichonywewa na watu wa siku zile. Sisi wa nchi ya chai tungetoa kikombe cha chai. Lakini fikirini: hapo bawabu hamwulizi mtu kabila lake, wala dhehebu lake, wala kadi ya ushirika. Aombaye hupewa.

Ukivuka lango waingia katika ua mpana wenye majani. Upande mmoja kuna safu ndefu ya makao ya wazee, na juu ya paa yamesimama mabomba marefu ya moshi, yamepangana kama askari. Mabomba hayo yana neno la kutufundisha. Katika nyumba nyingi za zamani, maskini walilazwa pamoja katika ukumbi mmoja, kitanda kando ya kitanda. Lakini safu hii, iliyojengwa katikati ya karne ya 15, ilimpa kila mzee makao yake: chumba cha kukaa, chumba cha kulala na ghala ndogo. Kila mmoja akawa na moto wake. Nasi twajua maana ya moto. Mwenye mafiga yake ni mwenye nyumba. Asiye nayo ni mgeni katika jiko la mtu. Waliojenga safu ile walijua kwamba mzee hahitaji paa tu. Anahitaji mlango anaoweza kuufunga, na moto anaoweza kuuwasha mwenyewe.

Pamoja na hayo hawakumwacha peke yake. Kuna ukumbi wa karne ya 14, wenye mahali pa moto katikati ya sakafu, ambamo wote waliweza kukusanyika na kula pamoja. Basi mzee alikuwa na mlango wa kujifungia, na meza ya kukutana na wenzake. Ukimpa faragha bila wenzake, umemfunga upwekeni. Ukimpa wenzake bila faragha, umemweka bwenini kama mtoto wa shule.

Upande wa pili wa ua kuna njia ndefu iliyoezekwa, itokayo langoni kuelekea kanisani, ili mzee aende kusali bila kunyeshewa. Sisi tunaoishi Kericho, ambako mvua ya alasiri ni kama saa ya ukutani, twaweza kuthamini jambo hilo. Juu ya njia hiyo kilikuwako chumba cha wagonjwa. Na katika ukuta, kati ya chumba hicho na kanisa, waliweka dirisha. Mzee asiyeweza tena kushuka ngazi alilala kitandani mwake akaisikia ibada: alisikia zaburi, alisikia Neno, akaitika amina pamoja na wenzake.

Ndugu zetu, mazungumzo haya ya redioni ni dirisha kama hilo. Twajua kwamba baadhi yenu mnatusikiliza mkiwa kitandani. Lakini redio haiwezi kumwuliza mtu amelalaje. Dirisha lile lilifaa kwa sababu upande wake wa pili palikuwa na watu waliojua jina la mgonjwa.

Mwisho wa ua ni kanisa lenyewe, kubwa kuliko vile mtu angetazamia kwa wazee wachache. Lilianza kujengwa katika karne ya 12, na kuta zake zina unene wa zaidi ya mita moja. Wajenzi hawakusema, hawa ni maskini, yatosha kuwajengea kibanda cha sala. Waliwajengea kama ambavyo wangewajengea wakuu.

Katika karne ya 15 Kadinali Henry Beaufort aliongeza kundi la pili la wazee: watu waliokuwa na hali njema zamani, kisha wakaanguka katika ufukara. Kundi hilo lilipewa jina lenye maana ya umaskini wenye heshima. Wale wa kundi la kwanza huvaa joho jeusi lenye msalaba wa fedha kifuani, na wa kundi la pili joho la wekundu wa kuiva. Wote huitwa ndugu. Hawaitwi waliohifadhiwa, wala mzigo wa kanisa. Mpaka leo wako wazee wakaao humo, wapata 25 nyumba ikijaa, na huvaa majoho yao kwenda kusali.

Katika miaka ya 1530 Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa nchini mwake, na maskini wengi waliokuwa wakipata chakula katika malango yake wakapoteza kimbilio. St Cross haikufungwa, kwa kuwa ndugu wake hawakuwa watawa. Baadaye Waprotestanti wenyewe waliona pengo lile wakaanza kujenga. Kwa mfano, John Whitgift, Askofu Mkuu wa Canterbury, alijenga nyumba ya wazee huko Croydon kati ya mwaka 1596 na 1599. Wafanya biashara nao walijenga, na wajane wenye mali pia. Leo katika Uingereza zaidi ya watu 30,000 hukaa katika nyumba za namna hii.

Hata hapa tumesimulia mema. Sasa tusikie mabaya, maana yanatuhusu zaidi.

Nyumba ya St Cross ilipewa ardhi na mapato mengi ili wazee wasipungukiwe. Aliyewekwa juu yake aliitwa Msimamizi. Lakini penye asali nzi hawakosi. Katika miaka ya 1370 Askofu William wa Wykeham aligundua kwamba wasimamizi walikuwa wakitwaa mapato na kuacha majengo yaharibike na maskini wapungukiwe. Aliwapeleka mahakamani, akashindana nao kwa miaka kadhaa mpaka akashinda.

Watu hawakukumbuka. Mwaka 1696 iliandikwa karatasi iliyosema kwamba kanuni za zamani zimepotea, na kwamba desturi ya nyumba ni kuwa yale yanayobaki baada ya kuwatunza ndugu ni mali ya Msimamizi. Halafu mwaka 1808 askofu wa Winchester alimpa kazi hiyo mwanawe mwenyewe, Francis North, ambaye baadaye alirithi cheo cha Lordi wa Guilford. Mtu huyo alikuwa na nyadhifa nyingine za kanisa zenye mapato. Kwa muda wa miaka zaidi ya 40 alipokea fedha nyingi zilizotokana na ardhi ya maskini, hasa ada zilizolipwa kila mikataba ya kukodi ilipoandikwa upya. Ndugu waliendelea kula. Wageni waliendelea kupewa mkate langoni. Kwa macho ya nje, nyumba ilikuwa salama.

Mwaka 1849 jambo hilo lilipelekwa mahakamani, na mwaka 1853 jaji alitoa hukumu. Aliilaumu vikali ile karatasi ya mwaka 1696. Mwishowe Lordi huyo aliacha kazi, na usimamizi ukatiwa mikononi mwa wadhamini. Habari za kesi hiyo zilienea sana Uingereza, na mwaka 1855 mwandishi Anthony Trollope alitoa hadithi juu ya nyumba ya wazee na mapato ya msimamizi wake.

Tuangalie vema. Kuta za unene wa mita moja hazikuwasaidia wazee wale. Mwizi hakuvunja ukuta. Aliingia kwa karatasi, akiwa na cheo, na aliyemfungulia mlango ni baba yake.

Kitabu cha Matendo, sura ya 6, chatuonyesha kwamba taabu hii ilianza mapema. Katika Yerusalemu, kanisa likiwa bado changa, wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika chakula cha kila siku. Mitume hawakusema, nyamazeni, haya ni mambo ya kiroho. Wala hawakuwapa kazi hiyo jamaa zao. Waliwaambia waumini wenyewe wachague watu saba, wenye sifa njema na wenye kujaa Roho na hekima. Kugawa chakula kwa haki kulihitaji watu waliojaa Roho. Mweka hazina naye ni mtumishi wa Mungu, na kitabu chake cha hesabu ni sehemu ya ibada yake.

Lakini wengine watasema, ndugu watangazaji, nyumba za wazee ni desturi ya wageni. Kwetu mzee hutunzwa na watoto wake. Kogo hukaa karibu na moto wa mwanawe, na wajukuu humletea maji.

Neno hilo ni kweli, na Paulo analiunga mkono. Katika 1 Timotheo sura ya 5 anaanza na watoto na wajukuu: hao ndio wa kwanza kuwalipa wazazi wao wema waliotendewa. Naye Bwana Yesu, katika Marko sura ya 7, aliwakemea watu waliosema mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu kumbe wanakwepa kumsaidia baba na mama. Basi mtu asitoe sadaka kubwa katika harambee ya kanisa huku mama yake kijijini analala njaa. Na mtu asijenge nyumba ya wazee ili apate mahali pa kumtupa babaye.

Hata hivyo, Paulo hakuishia hapo. Aliwataja pia wale walio wajane kweli kweli, walioachwa peke yao. Jamaa wabebe walio wao, asema, ili kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia hao wasio na mtu. Huo ndio utaratibu: watoto kwanza, na pasipo na watoto, kanisa. Desturi yetu yatosha kwa mzee mwenye watoto wema. Kwa yule mwenye ufunguo uliorudishwa, asiye na mtoto wala ardhi, desturi haina la kusema. Hapo ndipo kanisa laitwa.

Tena jambo hili si geni kabisa nchini Kenya. Kanisa la PCEA lina nyumba ya wazee huko Thogoto, Kikuyu. Masista wa Kikatoliki wanayo yao Kasarani, Nairobi. Serikali nayo, kwa mpango wa Inua Jamii, tangu mwaka 2018 imekuwa ikiwapa wazee walioandikishwa, wenye umri wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yatambua haki ya wazee ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na serikali. Tumshukuru Mungu kwa hayo. Lakini shilingi 2,000 hazimpi mtu mlango.

Hatuwaambii mjenge St Cross huko Bomet. Twawaomba kila ushirika ufanye mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wake.

La kwanza, andikeni majina. Wazee wa kanisa na kamati ya kina mama wakae pamoja, waorodheshe kila mzee wa ushirika asiye na mtu, na kila mchuma chai atakayerudisha ufunguo mwaka huu au mwaka ujao. Wale mitume wasingeweza kuwasaidia wajane kama malalamiko yao yasingesikiwa.

La pili, anzeni na mlango mmoja. Makanisa mengi yana kiwanja. Nyumba moja ya vyumba viwili, yenye jiko lake, karibu na kanisa kiasi cha mzee kutembea kwa fimbo yake, ni mwanzo wa kutosha. Mpeni mlango wake na moto wake, kisha mkaribisheni mezani pamoja nanyi. Naye akishindwa kutoka, mwendeeni.

La tatu, lindeni sadaka hiyo. Fedha za wazee zisishikwe na mtu mmoja, hata awe mchungaji mpendwa. Asipewe kazi hiyo mtoto wa mwenye kuteua. Hesabu zisomwe mbele ya ushirika wote kila mwaka, na mzee anayekaa katika nyumba hiyo awepo azisikie. Huko si kumshuku mtumishi wa Mungu. Ni kumkinga asije akajaribiwa.

Siku moja kila mmoja wetu atarudisha kikapu chake. Mwalimu atarudisha chaki, dereva atarudisha gari, mchungaji atashuka mimbarani. Heri kanisa ambalo siku hiyo litakuwa na ufunguo mwingine wa kumpa asiye na pa kwenda.

Na tuombe.

Ee Baba wa yatima na Mwamuzi wa wajane, twawakumbuka mbele zako waliochuma chai yetu na mikono yao sasa inatetemeka. Utusamehe sisi tuliowaona kila Jumapili tusiwaulize wanalala wapi. Wafundishe watoto kuwaheshimu wazazi wao. Uliamshe kanisa lako kwa ajili ya wale wasio na mtoto. Uwape watunza hazina wetu mikono safi, nasi utupe macho ya kuona. Twaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.